Mtoto Anasoma Tabia Kwako Kabla ya Kuja kwa Mwalimu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.



Kila mwaka wazazi wanatuletea watoto chuoni. Baba anamshika mtoto mkono, anamfikisha mlangoni, anasema: «Mwalimu, huyu ni wako sasa, umtie adabu.» Kisha anapanda toleka, anaenda kazini. Sisi walimu tunampokea, maana ndiyo kazi yetu. Lakini leo nataka nikuambie wewe uliyemleta, na wewe unayefikiri kumleta, kwamba mtoto yule hafiki kwetu mtupu. Ana miaka sita au saba, na miaka yote hiyo alikuwa anasoma kwako. Tunaweza kumfundisha alif, be, te, tukamfundisha na sura fupi za Juzuu Amma mpaka azisome bila kukwama. Kuhusu ukweli, amana, kugawa chakula na kumheshimu jirani, mengi tunayakuta yameshaandikwa. Na kilichoandikwa kwanza ni kigumu kufutika, kama wino wa zamani ulioingia ndani ya mti wa ubao.

Ndiyo maana somo la leo si juu ya chuo. Ni juu ya mlango wako, sahani yako na mfuko wako.

Tuanze na mlango. Mtu anakudai. Ulichukua kwake gunia la makala au bati mbili za nyumba, na ahadi yako imepita. Saa moja ya asubuhi anapiga hodi kwenye parsele. Wewe uko chumbani, umesikia sauti yake na umeijua. Unamwita mtoto kwa sauti ya chini: «Nenda umwambie papa hayupo.» Mtoto anakwenda. Ana miaka mitano, hajui kusema uongo vizuri, basi anamwambia yule mzee: «Papa amesema hayupo.» Watu wanaicheka sana hadithi hii wanapokaa barazani, na mimi nimeisikia ikisimuliwa mara nyingi kama jambo la kuchekesha. Lakini tazama lililotokea kabla ya kicheko. Mtoto yule alikuwa mkweli. Wewe ndiye uliyemtuma aache ukweli, na umemtuma akiwa hana njia ya kukukatalia, kwa sababu wewe ni baba yake. Akifika miaka kumi hatakosea tena maneno. Atasema vizuri kabisa kwamba haupo, akimtazama mgeni machoni. Na akifika miaka kumi na tano ataanza kukuambia wewe mwenyewe mambo ambayo hayapo.

Imepokewa kwa Abdullah bin Amir (r.a.) kwamba alipokuwa mdogo mama yake alimwita aje ili ampe kitu. Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa nyumbani kwao siku hiyo. Akamwuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Mama akajibu kwamba alikusudia kumpa tende. Mtume akamweleza kwamba kama asingempa kitu, ungeandikwa juu yake uongo mmoja. Hadithi hii imo katika Sunan ya Abu Dawud. Ukiangalia, halikuwa jambo la mahakamani wala la sokoni. Ni mama na mtoto wake, na tende. Watu wazima wengi wangesema neno kama hilo kwa mtoto halihesabiwi. Mtume alilihesabu.

Sasa wewe mama unayekwenda soko kuu asubuhi, mtoto analia anataka kukufuata. Unamwambia: «Nyamaza, nitakuletea maandazi.» Jua linazama, umerudi umechoka, mkononi una sombe na mafuta ya mawese, maandazi hakuna. Yeye hakusahau. Alikaa mlangoni tangu alasiri. Mimi siwezi kukulaumu kwa umaskini, maana biashara ya sokoni tunaijua, kuna siku unauza na kuna siku unarudi na mzigo wako kichwani. Nakuomba kitu kimoja ambacho hakina bei: usiahidi. Mwambie: «Nikiuza vizuri nitakuletea, nisipouza sitaleta.» Mtoto wa miaka mitatu anaelewa maneno hayo. Atalia kidogo, halafu jioni atakuamini.

Tuje kwenye kutumwa. Katika mji wetu kila mtoto anatumwa: kuchota maji, kununua chumvi, kupeleka ujumbe ng'ambo ya barabara. Ni jambo jema, na mtu aliyekua bila kutumwa utamjua ukubwani. Lakini katika kutumwa kuna mambo mawili nimeyaona ninayotaka kukueleza.

La kwanza ni noti mbovu. Unayo noti ya faranga 500 iliyochanika katikati, muuzaji yeyote wa mchana anaikataa. Unangoja giza, unaikunja vizuri upande uliochanika uwe ndani, unampa mtoto, unamwambia aende kwa mama fulani mwenye taa ya kibatari, maana macho yake hayaoni vizuri. Mtoto anarudi na sukari. Nyumba nzima inafurahi. Ndugu yangu, ile sukari imekugharimu nini? Umemfundisha mtoto wako mambo matatu kwa safari moja: kwamba mwenye macho mabovu ni nafasi ya kupata faida, kwamba giza ni rafiki, na kwamba baba anakubali. Kisha kesho unaniletea chuoni nimfundishe Suratul-Mutaffifin, ile inayowaonya wanaopunja vipimo. Nitamfundisha. Ataihifadhi. Lakini atajiuliza moyoni ni nani kati yetu wawili anayesema kweli, na wewe ndiye anayekupenda zaidi.

La pili ni mtoto aliyepoteza pesa. Ametumwa na faranga 1000, akasimama kutazama wenzake wanacheza mpira wa matambara, akaingia naye, pesa ikaanguka. Anarudi anatetemeka. Katika nyumba nyingi hapo ndipo fimbo inapotoka kabla hajamaliza kueleza. Mimi nimefundisha watoto miaka mingi, na nimeona kwamba mtoto aliyepigwa kwa kupoteza pesa hapungui kupoteza. Pesa inaanguka vilevile, maana mifuko ya watoto ina matundu. Anachojifunza ni kutunga: safari nyingine atasema wamenyang'anya vijana wakubwa, atataja na sura zao, na huenda mtoto wa jirani akapigwa kwa ajili hiyo.

Linganisha na habari ya Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utoto wake. Anasimulia mwenyewe kwamba siku moja alitumwa, akatoka, akawakuta watoto wanacheza sokoni, akasimama. Mara akahisi mtu amemshika kwa nyuma shingoni. Akageuka, akamwona Mtume anacheka. Akamwita kwa jina la mapenzi, Unays, akamwuliza kama amekwenda pale alipomtuma. Anas akajibu kwamba ndiyo, anakwenda sasa. Basi. Na katika miaka ile kumi, anasema, hakusikia hata siku moja neno la kumchoka. Ona kwamba Mtume hakusema kutumwa hakuna maana. Alimkumbusha, na Anas alikwenda. Mtoto huyo huyo ndiye aliyekuwa baadaye miongoni mwa masahaba waliopokea hadithi nyingi kuliko wengine. Mtu aliyelelewa bila hofu ya kusema kweli, umma wote ulipokea maneno yake.

Wazee wa makamo yangu mtakumbuka, wakati nchi ilipoitwa Zaire, sahani za Ramadhani. Kabla ya magharibi mama alikuwa anapakua, anafunika kwa sahani nyingine au kwa kitambaa, anamwita mtoto: hii kwa mzee fulani, hii kwa yule mjane, hii kwa jirani wa upande wa pili ambaye alikuwa mkristo na alikuwa anatuletea yeye siku yake ya Noeli. Mtoto unabeba sahani ya moto kwa mikono miwili. Umefunga nusu siku, au umejaribu, na harufu ya samaki na lituma inakuingia puani njia nzima. Hakuna mtu anayekuona kati ya nyumba na nyumba. Unaweza kuinua kitambaa, unaweza kumega kidogo pembeni. Hapo ndipo wengi wetu tulijifunza amana ni kitu gani, tukaijua kwa pua kwanza, na neno lenyewe tulilikuta chuoni baadaye. Na tulijifunza jambo jingine: ile sahani hairudi tupu. Mjane aliyekuwa hana kitu alikuwa anaweka juu yake ndimu mbili au kipande cha muwa, ili asimwaibishe aliyempelekea na asijiaibishe mwenyewe. Nasikitika kusema kwamba desturi hii imepungua katika mitaa yetu. Tunasema maisha ni magumu. Ni kweli. Lakini yalikuwa magumu wakati ule pia, na sahani zilitembea.

Na kwa kuwa tumetaja sahani, kuna neno zito zaidi. Umar bin Abi Salama (r.a.) alikuwa mtoto nyumbani kwa Mtume. Baba yake alifariki, mama yake Ummu Salama akaolewa na Mtume (s.a.w.), na yeye akaja naye. Alikuwa akila mkono wake unazunguka sahani nzima, kama watoto wote. Mtume akamfundisha kwa upole mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar anasema ulaji wake uliendelea kuwa hivyo tangu siku hiyo. Sisi tunaifundisha hadithi hii kama adabu ya kula, na ni sawa. Lakini usipite haraka. Huyu mtoto alikuwa yatima, mtoto wa kambo, na alikuwa anakula wapi? Katika sahani moja na Mtume, mkono kwa mkono. Hakuwekewa sahani yake pembeni jikoni.

Angalia sasa nyumba zetu. Kuna watoto wangapi Kisangani wanaoishi kwa mama mkubwa, kwa baba mdogo, kwa mke mwingine wa baba? Vita vimeua, maradhi yameua, ndoa zimevunjika. Mtoto anafika na mfuko wa nguo mbili. Watoto wa nyumba wanapewa kipande cha samaki, yeye anapewa mchuzi. Wao wanakwenda shule, yeye anachota maji. Hataongea, lakini watoto wako wanaona, na ndiyo shule yao: wanajifunza kwamba kuna watu wa kupewa nyama na watu wa kupewa mchuzi. Kisha mtu katika nyumba anaugua, au biashara inaanguka, na macho yote yanamgeukia yule yule wa mchuzi. Anaitwa ndoki. Anapelekwa kuombewa, anafungwa, anapigwa, mwisho anafukuzwa, na unamkuta analala kwenye meza za soko. Naomba nisikike vizuri, maana jambo hili limeingia hata katika nyumba zinazoswali: mtoto hasababishi maradhi yako wala umaskini wako. Kumsingizia ni dhuluma kwa yatima, na Qur'ani imetuonya juu ya yatima mahali pengi. Hata sheria ya nchi yetu juu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Kama kuna mtoto wa namna hiyo kwako au kwa jirani, usingoje Ijumaa ijayo. Njoo utuone baada ya swala, tukae pamoja na wazee wa familia.

Watoto wanaona mengi, na wakati mwingine wanaona wema pia. Mwezi wa Juni mwaka 2000, kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 10, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji wetu huu. Wakazi walikufa kwa mamia, nyumba na shule zikabomolewa. Mwaka 2022, tarehe 9 Februari, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita vile vya miaka hiyo. Hayo ni mambo ya serikali. Mimi nakuuliza jambo dogo. Wewe uliyekuwa na miaka saba au minane siku zile sita, umelala chini ya kitanda, leo ni baba au mama: unakumbuka nini? Nimewauliza wengi. Wanakumbuka milio, ndiyo, lakini karibu kila mmoja anataja na mtu. Mama wa jirani aliyegawa bidoni moja ya maji kwa familia nne kwa kikombe. Mzee aliyefungua mlango kwa watu asiowajua, bila kuuliza kabila wala dini. Wengine wanamtaja aliyefunga mlango, na wanamtaja kwa jina mpaka leo. Wale waliogawa maji hawakujua kwamba wanafundisha. Walikuwa na kiu.

Hapo ndipo ninapoingia katika jambo linaloniumiza. Tangu mwaka 2023, upande wa Lubunga, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola umemwaga damu, umechoma nyumba na kuwaleta wakimbizi wengi huku ng'ambo ya mto. Sitaingia katika shauri la ardhi, lina wenyewe wa kulihukumu. Nasema juu ya mazungumzo ya jioni. Watoto wa makabila yote walikuwa wanavuka mto katika mtumbwi mmoja, wanakaa katika benchi moja la shule, hawaulizani. Siku moja mtoto anarudi nyumbani anamwuliza mama: «Sisi ni nani?» Neno hilo halikutoka kwa watoto. Limetoka barazani, wakubwa walipokuwa wakiongea kwa sauti, wakifikiri mtoto anayechambua mchicha pembeni hasikii.

Na sisi tunaojiita Waungwana, tusijifanye historia yetu ni maziwa matupu. Kiswahili hiki na Uislamu huu vilifika kwenye maporomoko haya pamoja na misafara ya wafanya biashara wa Unguja. Mkubwa wao, Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa liwali wa hapa Stanley Falls, ameeleza katika habari za maisha yake kwamba alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili alipoanza safari fupi za kuuza sandarusi. Alilelewa katika biashara, akajua biashara. Alijifunza uvumilivu wa njia, ujasiri, hesabu na maneno ya watu. Akajifunza pia, kutoka kwa wakubwa wake, kwamba binadamu anaweza kufungwa minyororo na kuuzwa pamoja na pembe. Yote mawili yalifundishwa na watu wale wale, katika safari zile zile. Wajukuu wa walionunua na wajukuu wa walionunuliwa wako leo katika safu moja msikitini hapa, Alhamdulillahi. Ndiyo sababu nyingine ya kuchunga yanayosemwa mbele ya watoto.

Nisisahau kusema neno juu ya kucheza, maana wako wazee hapa msikitini wanaowafukuza watoto kama kuku. Mtume (s.a.w.) alirefusha sijda kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, hakutaka kumharakisha. Na ndugu yake Anas, mtoto mdogo aitwaye Abu Umayr, alipofiwa na ndege wake mdogo, Mtume alimwuliza habari za yule ndege. Kiongozi wa umma anauliza habari za ndege aliyekufa! Mtoto aliyeulizwa habari ya huzuni yake ndogo anajifunza kuuliza wengine habari ya huzuni zao. Msifukuze watoto, wazee wangu. Wakipiga kelele, waite karibu, waweke safu ya nyuma yenu, mmoja wenu akae nao.

La mwisho. Baba amekosa noti zake mezani. Anapaza sauti, anamwita mtoto mwizi mbele ya ndugu zake na mbele ya majirani waliosimama kwenye ua. Mtoto analia, anaapa. Baada ya siku mbili pesa inaonekana ndani ya mfuko wa koti la Ijumaa. Wengi hapo wananyamaza. Wananunua biskuti, wanampa mtoto bila neno, wanafikiri jambo limekwisha. Halijakwisha. Yeye bado ni mwizi katika masikio ya watu wale. Ikikutokea, mwite mtoto, kaa chini mfike sawa uso kwa uso, mwambie: «Mwanangu, pesa nimeiona mfukoni mwangu, wewe hukuichukua, nisamehe.» Na umwambie hivyo mbele ya watu wale wale waliosikia ukimwita mwizi.

Wabillahi Tawfiq.